Viganja vya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu amerudi! Si sikukuu, si msiba. Ni sheria mpya — shamba litaandikwa jina la anayelilima, na afisa ardhi atapita kukagua viganja. Mwenye sugu ndiye mkulima. Basi bwana, mpishi wa hoteli mjini miaka yote hii, kashuka na jembe jipya, kibandiko cha duka bado kipo. Kijiji kimejaa wanaume. Huko mjini sijui nani anafua, nani analinda mageti.

Jumatano, 5 Machi
Kalima kuanzia asubuhi hadi chai ya saa nne. Kang'oa mahindi yangu, magugu kayaacha. Jioni malengelenge. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Mwanamume mzima, analia kama kitoto.

Jumapili, 9 Machi
Leo kanifungulia moyo. Akipata hati, shamba analikodisha kwa kampuni ya maua, miaka thelathini. Kisha sote twende mjini tukabanane kwenye chumba chake. Nikamuuliza, na mimi nitafanya nini huko? Nitapumzika, akasema.
Nimelia jikoni. Shamba hili nimelilima na mimba, nimelilima na homa. Kupumzika!

Jumatatu, 10 Machi
Nimebadili dawa. Chumvi basi, ingemkomaza ngozi. Sasa kila jioni mafuta ya mgando, nampaka taratibu mpaka anasinzia. Anasema sijawahi kumpenda hivi.

Jumamosi, 15 Machi
Jirani yetu, fundi rangi, anasugua viganja kwa jiwe. Shemeji, mlinzi wa benki, kashinda kisimani akivuta kamba bila ndoo. Mume wangu anawacheka. Yeye ana mke wa kumtunza.

Jumanne, 18 Machi
Afisa kaja. Kashika kiganja cha mume wangu, kakibonyeza, kamuuliza kama alikuwa amelazwa hospitali. Kisha akanigeukia: "Na wewe mama, hebu lete mkono."
Nikampa yote miwili. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya sugu. Akaniuliza jina langu. Jina! Hapa kijijini mimi ni Mke wa Mpishi. Lilichelewa kutoka, lakini likatoka.
Sasa wanapima mipaka. Nimeingia kuwachemshia chai, naandika nimesimama. Mume wangu ananiita huko nje. Kwa jina langu, mara ya kwanza tangu harusi — tena kwa sauti tamu kweli.
Maji yamechemka. Sijaitika.