Koku, Bado Wananiita Fundi

Koku, mdogo wangu,

Hapa Bilele bado wananiita fundi. Jana kaja mwalimu mmoja kutoka Muleba, akaweka laptop yake mezani, akasema, "Nimeambiwa ukishindwa wewe, Bukoba nzima imeshindwa." Nikacheka. Ningefanya nini? Miaka yote ile mimi nilipokea wateja mbele, wewe ukatengeneza nyuma ya pazia, kwa sababu mzee wa kwanza kukuona, msichana, umeshika bisibisi alibeba kompyuta yake akaondoka. Tukaamua wasijue. Hata Mama hakujua. Sasa maji yamenifika shingoni.

Kuna jambo nilikufanyia. Kompyuta ya kwaya, ile uliyoiunga kwa vipande ukaipa mfumo ambao haukutengenezwa kwa ajili yake, niliiharibu mimi, tena siku ya msiba wako. Walitaka picha yako ya kuweka kwenye msalaba, haraka, jeneza liko njiani kwenda Maruku. Nikachomoa diski, nikatoa picha, nikairudisha huku machozi yananiziba macho. Tangu hapo ikawa inawaka, inaleta maandishi meupe, inajizima, inawaka tena. Hivyo hivyo kutwa nzima. Na nyimbo zote za kwaya zimo humo, pamoja na ule unaouimba peke yako.

Mama akapiga simu: "Fundi wangu, nataka nimsikie mwanangu." Akapiga Jumapili iliyofuata, na nyingine. Nikimwambia bado, anauliza, "Mbona unamficha mdogo wako?" Koku, heri ardhi ingenimeza. Kuipeleka kwa fundi mwingine niliona aibu. Ndiyo, aibu, na wewe hata kaburi halijajengewa.

Nikakaa chini kama mwanafunzi. Nikayapiga picha maandishi yale kwa simu, nikasoma mstari mmoja mmoja. Wa mwisho ulitaja draiva ya diski, ile programu inayoiwezesha mashine kuisoma. Nikaiondoa kwa kutumia ile fleshi yako ya dharura. Mashine ikawaka, lakini diski ya nyimbo haionekani. Nikairudisha draiva, mashine ikaanza tena kujizima. Wiki tatu nazunguka hapo hapo, wewe ungemaliza kabla chai haijapoa. Mwishowe nikaona kwamba ubao wa ndani una matundu ya aina mbili ya kuchomekea diski, na draiva uliyoitafuta inaelewana na manne tu. Mimi kwa haraka zangu nilichomeka kwenye la tano. Nikahamisha waya. Ikawaka, ukaanza kuimba, nikalia kwa sauti dukani.

Jumamosi nilimpelekea Mama ule wimbo. Aliusikiliza mara tatu, akanipakulia ndizi za ebitoke, akasema, "Mungu alinipa fundi." Nikala, nikazipokea sifa zako. Hapo ndipo nilipojiona nimefungwa kweli. Zamani niliogopa kuumbuliwa, mtu aniletee kazi nisiyoiweza. Sasa nimeiweza, na naweza kukaa na jina lako la fundi hadi nife bila mtu kunishika.

Sitaki, Koku. Nimechoka kusifiwa kwa mikono yako. Lala salama, mdogo wangu. Kesho nafunga duka naenda Maruku, na kabla sijakaribishwa kiti nitamwambia: "Mama, fundi ndiye tuliyemzika."

Kaka yako,
Muta