Kikohozi cha Baba Mkwe

Kijiji cha Matwebe,
Tukuyu.
9 Juni 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mugonile, mama? Natumaini barua hii inakukuta na nafuu, na mgongo hausumbui kama ulivyokusumbua wakati wa masika. Sisi huku tupo. Ukungu umetukalia siku ya nne sasa, lakini mjukuu wako Ikupa anakimbia uani bila viatu kana kwamba baridi ni ya watu wengine. Mume wangu Lugano hajambo, anakusalimu sana.

Anayekuletea barua ni Rahima, rafiki yangu wa Makandana mwenye duka la vitenge. Anapita Kisiba kwa dada yake, nami nimemwambia akupe mkononi. Mama, usimpe mzee wa kanisa akusomee. Ulikaa darasa la kisomo miaka miwili, ukinigombeza mimi kila nikichelewa kukuonyesha herufi. Basi leo soma mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Ningeweza kuja, lakini haya siwezi kuyasema nikikutazama.

Kwanza, habari za kesi. Rufaa ya baba mkwe wangu na wale wapwa zake wawili, Meshaki na Hezron, itasikilizwa Jumatano ijayo huko Mbeya. Ni majaji watatu. Wakishindwa hapo, hukumu ya kunyongwa inabaki palepale, na mlango mwingine wa mahakama haupo.

Najua watu wa Kisiba wameitia chumvi hadithi yetu, kwa hiyo nikukumbushe ilivyokuwa. Ile migomba ya kando ya barabara, ambayo zamani hata mbuzi hakuitaka, ilianza kugombewa mara tu malori ya wafanyabiashara yalipoanza kuja kubeba ndizi kupeleka Dar es Salaam. Jirani yetu Obed akasema mpaka wake unapita huku, baba mkwe akasema unapita kule. Miaka miwili watu hawakusalimiana, hata kanisani walikaa pande mbili kama timu za mpira. Halafu ile Jumamosi, saa tisa alasiri, Obed akakatwa panga pale mtoni akafa. Meshaki na Hezron walikuwepo, hilo hawalikatai, wanasema walijitetea. Lakini Andrea, mdogo wake Obed, aliapa kwamba na baba mkwe alikuwepo, na kwamba ndiye aliyeamrisha. Mzee akasema alikuwa nyumbani. Akaishia hapo, hakuongeza neno.

Unakumbuka nilivyoitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa siku ile mimi ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa karibu na nyumba. Nilisimama kizimbani nimejifunika kitenge kichwani, nimewapa mgongo washtakiwa, maana baba mkwe alikuwa amekaa pale, na wewe ulinifundisha kwamba mke hamtazami baba wa mumewe, hasimami alipo, hata jina lake halitaji. Mwanasheria wa serikali akaniuliza kama nilimwona mzee nyumbani saa tisa. Nikasema sikumwona. Aliniuliza mara ya pili, nikasema vilevile. Nyuma yangu nikamsikia baba mkwe akikohoa mara mbili, kile kikohozi chake cha kila siku, anachokitoa akikaribia uani ili nipate muda wa kugeuka. Jaji aliandika kwamba hata mkwe wake anayeishi naye boma moja hakumwona, hivyo utetezi wake umeanguka. Rahima alinisomea nakala ya hukumu dukani kwake. Jina langu limo humo mara saba, mama.

Sasa wakili mpya, Bwana Yussuph, amekuwa mwerevu. Alikuja mwenyewe mpaka hapa mwezi uliopita, na viatu vyake vya mjini vikaiona Matwebe. Lugano alipomweleza mila yetu, alifurahi mno. Akasema jaji hakuelewa: mkwe wa Kinyakyusa kusema hakumwona baba mkwe ni sawa na kusema ameishika adabu yake. Akaniuliza kama siku ile nilimsikia akikohoa. Akasema nikila kiapo kwamba nilimsikia, atawaomba majaji wanisikilize. Wote wakanitazama. Kijiji kizima kilikuwa kimeshalishangilia jibu kabla sijalitoa.

Nikawaambia nipeni siku mbili. Lugano alikasirika, akasema baba yake anasubiri kitanzi na mimi naomba siku mbili kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mara ya mwisho alipokwenda gerezani, mzee alimkataza wasinisumbue tena. Hata kwenye ile kesi ya kwanza alimwomba wakili asiniite. Alisema mkeo alijibu vizuri, mwacheni alee mtoto. Mama, nilitoka nje nikalia mpaka nikaishiwa machozi.

Kwa maana siku ile hakukohoa.

Jumamosi ile nilikwenda sokoni, yeye akajua nitarudi jioni. Lakini ile mimba ya Ikupa ilinibana kiuno nikarudi mapema, nikapita nyuma ya nyumba. Nikamkuta. Mama mkwe alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini. Yule mzee anayeogopwa kuanzia huku hadi kwenu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, amejifunga kitenge cha marehemu mkewe kiunoni kama mwanamke, anafua nguo za mkewe moja moja, analia kwa sauti. Akainua uso. Mimi nikasimama na kapu langu kichwani nikamtazama machoni, naye akanitazama, sijui kwa muda gani. Na tukiwa tunatazamana hivyo ndipo yowe likapigwa kule mtoni. Ndipo alipokumbuka kukohoa, amechelewa, na mimi nikatupa kapu nikakimbilia migombani.

Basi nilimwona, mama. Nilimwona kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwona. Mahakamani nilidanganya chini ya kiapo kwa sababu mbili: ulinionya tangu usichana kwamba anayemtazama mkwe akiwa na mimba humdhuru mtoto, na sikutaka watu wajue nimemkuta katika hali ile. Yeye naye angeweza kusema, mkwe wangu aliniona, muulizeni. Hakusema. Tulinyamaza wote wawili, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na heshima yetu ikampeleka kunyongwa.

Kwa hiyo sitasema nilisikia kikohozi. Huo ungekuwa uongo wa pili wa kuuficha wa kwanza. Nilimweleza Lugano yote. Kesho yake asubuhi akaniambia nivae, twende. Nimeshakula kiapo kwa wakili, kila neno, pamoja na beseni na kitenge. Wakili amenionya kwamba majaji wanaweza kukataa kunisikiliza, na pia kwamba naweza kushtakiwa kwa uongo wa mwanzo. Nikamwambia mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, aandike tu. Usihangaike kutafuta mtu wa kunishauri. Nimeamua.

Nikifungwa, njoo umchukue Ikupa. Mfundishe kila ulichonifundisha, kupalilia, kupika, kusali. Lile la kumkwepa mkwe liache, nitamweleza mimi mwenyewe nikitoka. Mtazame vizuri pia, uone kwamba ana macho yake mawili na miguu yake miwili, hana kasoro.

Jumatano nitakuwa Mbeya tangu mapambazuko. Wakiniita, nitavua kitenge kichwani nikiwa mlangoni. Najua baba mkwe atakohoa akiniona naingia, maana ndivyo alivyo, atanipa nafasi mpaka mwisho. Safari hii sitageuka.

Wasalimie ndugu zangu wote na majirani, na mpe pole bibi kwa jino lake. Ukimaliza kusoma usiichome barua hii. Iweke kwenye Biblia yako, atakayeuliza umpe asome.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,

Tulia