Pori Lisilotumika

Jumatatu, 7 Agosti
Zamu yangu ya maji. Saa kumi na mbili asubuhi niko ndivani, kwenye bwawa letu la kumwagilia, nimelizibua, nimekaa juu ya jiwe kusubiri maji yaingie mferejini. Kina kimeshuka kiganja kizima. Agosti hukauka, najua, lakini si hivi. Tangawizi imepata, maharage yamekosa. Nimerudi nyumbani na hasira.

Shangazi Nakijwa kanikuta naosha miguu. Dada wa marehemu baba, miaka themanini na ushee, na ulimi wake bado haujastaafu. Anasema alisahau jina la mti mmoja siku mbili nzima. Alipokwenda kuuona ndipo likamrudia. Kaogopa. Anataka Alhamisi twende mpungini na daftari, niandike majina yote kabla hajafa. "Wewe si mwalimu? Acha kuzurura." Sijazurura popote tangu Juni.

Nimekubali. Sitaki kwenda. Sijakanyaga huo msitu wa ukoo tangu nichaguliwe mzee wa kanisa.

Alhamisi, 10 Agosti
Tumevua viatu mpakani. Shangazi kasalimia kwa Kichasu, lugha yetu Wapare, nami nikaitikia huku nageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu wa usharikani anatuona. Mwanamke wa miaka sitini na mbili. Aibu tupu.

Mle haliingii panga, hakiingii Kiswahili. Ndivyo tulivyolelewa. Kila mti mkubwa una jina lake mwenyewe, kama mtu, na chini yake chungu kimefukiwa nusu, kimefunikwa kwa majani makavu. Ndani ya chungu, fuvu la mmoja wetu. Vyungu vinafanana vyote, ni mti ndio unaosema nani kalala pale.

Shangazi akitaja jina anataja na habari zake. Huyu gome lake kwa kifua. Yule kwa mzazi aliyemwaga damu. Pale juu wanakaa nyuki wadogo wasiouma. Hapa hondohondo hutagia, ila mwaka huu hawakuja. Nimeandika kumi na saba, akachoka. Bado mingi kuliko hiyo. Daftari liko kabatini, sitanakili majina hapa.

Mti wa kumi na nne una alama ya msalaba. Rangi nyekundu. Na uliofuata. Na mwingine.

Shangazi kauliza ni nini. Nimesema labda watu wa misitu wanahesabu. Kanitazama sana. Nikainamia daftari, kwa sababu nilishahisi ni nini.

Ijumaa, 11 Agosti
Niandike, basi. Hakuna atakayesoma.

Mwaka juzi walikuja vijana wa mpango wa matumizi ya ardhi. Mimi ndiye katibu wa kamati, kalamu ilikuwa yangu. Tukafika kwenye safu ya eneo lile: linatumika kwa nini? Wajumbe saba, wote wa ukoo huu, wote tunakaa benchi za mbele kanisani. Kila mmoja alijua. Kijana mmoja akacheka, akauliza, "Au ndiko kwenye mizimu yenu?" Tukacheka naye. Mimi nilicheka kuliko wote.

Nikaandika: *Pori lisilotumika.*

Wote wakatia saini, na Mungu anisamehe, nilijiona nimeokoa heshima yetu.

Jumapili, 13 Agosti
Baada ya ibada nimemfuata mwenyekiti wa kijiji. Kumbe mambo yameiva. Kuna mwekezaji, mtu wa mbao, atavuna mikulo na mingine yote, kisha apande mikaratusi. Mkutano mkuu Jumamosi, wananchi waridhie. Nimemwambia pale si pori. Kasema taratibu, na wala hakunikejeli: "Mwalimu, si mwandiko wako?"

Keshokutwa nitakwenda Same, ofisi ya ardhi ya wilaya.

Jumanne, 15 Agosti
Same. Bodaboda mpaka chini, halafu basi, halafu jua la Same ambalo halina adabu. Nimezungushwa milango mitatu. Wa mwisho alikuwa kijana mpole, kaniamkia, kanipa kiti. Kasema inarekebishika. Wananchi waseme kwenye mkutano kwamba ni eneo la mila, iandikwe kwenye muhtasari, nilete. Basi. "Ila lazima isemwe wazi, mama. Kwa jina lake."

Kwa hiyo iko njia, na njia yenyewe ni mdomo wangu.

Nikielekea stendi nimekutana na Mama Naserian, yule Mmaasai anayepanda kwetu kila kiangazi kuchukua magome kwa Shangazi. Anauliza kama ya kifua yapo mwaka huu, wajukuu wanakohoa huko tambarare. Mti huo kwao hauoti. Wana jina lake kwa Kimaasai, anasema, na jina hilo maana yake ni dawa ya watu wa mlimani. Hivyo sisi tumo ndani ya lugha yao, na mimi nilituandika pori.

Nimemwambia yapo. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Alhamisi, 17 Agosti
Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mpungi. Mpungi wa ukoo. Wazee wetu wamo mle. Ni rahisi ukiwa na kioo peke yake. Mchungaji atakuwepo Jumamosi, kaalikwa kufungua kwa sala.

Jumamosi, 19 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa. Mchungaji kasali. Mwekezaji kaleta soda. Mwenyekiti akasoma ile fomu, "pori lisilotumika", akauliza nani ana neno. Nikasimama, nikamwona Mchungaji kaegemeza kidevu anisikilize vizuri. Nikasema tufikirie chanzo cha maji. Watu wakaguna. Mmoja akasema hata mikaratusi ni miti. Nikakaa.

Ndipo akasimama Shangazi. Alisema Kichasu, kwa sababu mambo yale hayasemwi kwa lugha nyingine. Alisema vizuri mno. Alisema humo kuna vichwa vya waliotuzaa, kila kichwa na mti wake, ukikata mti umemnyang'anya mtu jina, na asiye na jina haombewi wala haombi mvua. Akaitaja baadhi ya miti. Wazee waliinamisha vichwa. Vijana walikuwa wanatazamana, nusu yao hawakuambulia kitu, wengine wakaanza kucheka chinichini.

Mwenyekiti akasema, "Katibu, tufasirie kwa Kiswahili iingie kwenye muhtasari."

Nikasimama mara ya pili. Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Maneno yalikuwa tayari, ya mtu mwingine, mimi ni kuyapitisha tu.

Nikasema: "Bibi anaomba tutunze mazingira."

Nikaandika hivyohivyo. Mikono ikanyooshwa. Imepita.

Shangazi Kiswahili anakijua kunishinda. Alijifunga khanga yake, akaondoka kabla ya soda.

Jumapili, 20 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimesema naumwa. Ni kweli naumwa.

Jumatano, 23 Agosti
Nimekwenda kwa Shangazi na daftari na ndizi. Yuko jikoni, nimeona moshi ukitoka na kivuli chake. Nimebisha hodi mara tatu, hakunijibu. Nikaacha ndizi mlangoni. Jioni nimezikuta kwenye kizingiti changu.

Ijumaa, 25 Agosti
Wameanza. Misumeno mitatu, labda minne. Inasikika mpaka jikoni kwangu. Mti ukianguka ardhi inatikisika kidogo na vikombe vinagongana kabatini.

Mbega wamevuka barabara mchana kweupe, kundi zima, mmoja na mtoto kifuani. Hawakuogopa watu. Sipendi mnyama wa msituni asiyeogopa watu.

Jumatatu, 28 Agosti
Zamu ya maji. Ndiva ina tope la mbao na maji yana harufu. Nimemwagilia hivyohivyo.

Jioni hii Mchungaji alinifuata nyumbani, kwa kuwa sionekani. Nikamwambia yote. Mafuvu, fomu, ile tafsiri. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya mizimu. Akasema hata kwao ukoo una msitu, na hata yeye alikaa kimya kikao chao kilipofika. Tukakaa tunatazamana kama wajinga wawili. Kumbe nilikuwa namwogopa mtu anayeniogopa mimi.

Nimempigia mwenyekiti palepale kumtaka asimamishe kazi. Kauliza, na Mchungaji yumo katika hili? Nikasema ndiyo, na Mchungaji. Kasema atawaambia wasimamishe kesho.

Jumanne, 29 Agosti
Wamesimama. Lakini si kwa sababu yetu.

Asubuhi, miti ikiwa imeshalala yote, walikuwa wakiondoa majani ili kutoa magogo, wakafika kwenye vyungu. Mmoja akapiga teke kufungua njia, chungu kikapasuka, akaona. Wafanyakazi walikimbia, wengine wameacha hata misumeno. Msimamizi wao, ambaye ni mtu wa mbali, alidhani anafanya la heshima: kaviokota vyungu vyote, vizima na vilivyopasuka, kila fuvu na chungu chake, kavipanga vizuri kando ya barabara juu ya turubai ili magogo yasiviponde.

Vyote, kwenye mstari mmoja. Na miti yote chini.

Nimefika mimi na Mchungaji na mwenyekiti. Shangazi kaja peke yake, watu wakampisha. Kavua viatu palepale barabarani. Akaenda kwenye visiki, akarudi kwenye vyungu, akaenda tena kwenye visiki. Alikuwa ananyoosha mkono kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nilitaka kufa.

Nikamwambia mbele ya wote: mimi ndiye niliyeandika pori.

Akasema, kwa Kiswahili, "Najua. Ulikuwa unamwonea aibu nani?"



Jumapili, 3 Septemba
Mwekezaji kaondoka na magogo yaliyokwisha kukatwa. Mwenyekiti ameitisha mkutano mwingine. Nimesimama, nimesema mpungi, kwa jina lake, kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Imeandikwa. Nitaipeleka Same.

Ni visiki tu, lakini imeandikwa.

Jumatano, 6 Septemba
Shangazi kanituma mtu: nije na daftari. Tumekaa jikoni kwake. Nimemsomea yale kumi na saba, yeye anaitikia kwa kichwa. Nikashika kalamu kwa mengine. Alifumba macho kwa muda mrefu. Akataja mawili. Akataja la tatu, akasema hapana, hilo si la mti huo. Akasema alikuwa akiyajua kwa miguu, mguu ukifika hapa jina linakuja.

Akanikaribisha makande. Nimekula. Bado hajaniita mwanangu kama zamani.

Jumamosi, 16 Septemba
Leo tumewazika. Shimo moja, pale katikati ya visiki, ukoo mzima, na watu wa kwaya wamo. Mchungaji alisimama pembeni bila kitabu.

Desturi inataka kila mmoja ashushwe na wa nyumba yake, akiitwa jina. Shangazi aliyataja majina yote anayoyakumbuka, polepole, kwa Kichasu, akiyarusha juu ya vyungu vyote kwa pamoja. Kisha akawaambia watu wa kila nyumba wachukue chao. Hakuna aliyesogea. Nikatangulia mimi, nikamwuliza Shangazi babu ni kipi.

"Chagua," alisema.

Nimechagua kidogo, cha mwisho kwenye turubai, chenye ufa. Kilikuwa chepesi. Nimekishusha, nimesema shikamoo babu, nikalitaja jina lake kama nilivyofundishwa utotoni. Mtu wa nyumba ya jirani akachukua kilichokuwa kando yake, naye akamsalimia babu yake.

Tumefukia saa sita. Baadaye watu wakanawa mikono, wakala, wakaenda shambani.