Mfereji wa Rhotia

Mjukuu wangu Pendaeli,

Barua yako tumeipata, tumefurahi. Hapa Karatu sisi wazima, mbaazi zimebeba vizuri. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo nasema na bibi yako anaandika.

Unauliza kwa nini nilishika koleo la barabara maisha yangu yote, wakati wenzangu walikimbilia kuendesha watalii Ngorongoro.

Miaka ile ya sabini kila kibarua alikuwa na kipande chake cha barabara cha kutunza. Changu kilikuwa mteremko wa Rhotia. Siku ya mnada wa mifugo nilichimba mfereji wa maji juujuu ili niwahi nyama choma. Mvua ikanyesha, maji yakafurika barabarani. Kesho yake bibi yako akashikwa na uchungu, na Saidi mwenye duka akatupakia kwenye Landrova yake. Tukanasa kwenye tope, palepale kwenye kipande changu.

Saidi akashuka, akautazama mfereji. "Kipande hiki cha nani?"

"Changu."

Nikangoja anitukane. Akavua viatu. "Haya, tusukume. Mama asichelewe."

Tuliwahi hospitali, mama yako akazaliwa salama. Saidi, Mungu amrehemu, hakumwambia mtu mpaka anakufa. Toka siku ile, mvua ikianza tu natoka na koleo. Hata bibi yako ndiyo kwanza anasikia haya leo.

Babu yako

Pendaeli, ni mimi bibi. Nilikuwa ndani ya gari, dirisha wazi. Nilisikia yote. Kila nilipomwona anatoka na koleo kwenda mvuani, nilimwekea uji motoni.