Sufuria Yenye Jina la Mama

Mwaka umetimia leo tangu ulipotuacha, Baba yetu Eliécer Zuluaga, na hapa mjini Itagüí bado hatujazoea kutokuwepo kwako.

Ulianza nyuma ya nyumba na tanuri moja na vyuma chakavu, hadi ukawa na karakana ya watu kumi na tisa wanaotengeneza sufuria za presha. Ukazipa jina la Mama, Ofelia. Kila moja uliichemsha mwenyewe kabla haijauzwa, ukatega sikio, ukaigusa firimbi yake kidogo kwa tupa, ukasikiliza tena. Wateja walisema wangeitambua Ofelia hata ikilia nyumba ya tatu.

Walipokuja watu wa ng'ambo wakitaka kukutengenezea sufuria huko kwao kwa bei nafuu, uliwamiminia kahawa ukawaambia, "Mke wangu hawezi kulala ugenini bila mimi." Wakacheka. Wewe hukucheka. Mama alijifanya amekasirika siku nzima.

Tangu uondoke hatuna raha karakanani. Asubuhi tunakuta mifuniko imehamia kwenye rafu ulikokuwa ukiweka yenye kasoro, na hakuna anayekiri. Doña Belarmina, fundi wako wa tangu siku ya kwanza, ameshazoea. "Mzee kanirudishia mitatu leo," anasema. "Na kweli imepinda. Mtu kafa na bado ananisumbua." Tunacheka, lakini hakuna anayekalia kiti chako.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Ulikuwa ukisikia firimbi ya sufuria ya maharage ukiwa karakanani, unakuja kula. Hadi leo ikilia, sote tunageuka kutazama mlango. Mama hutoa sahani yako, kisha huirudisha kabatini.

Tukuungamie jambo. Mwezi uliopita mwanao Horacio alikuwa tayari kusaini kazi yote ipelekwe ng'ambo. Biashara imekuwa ngumu, hatumlaumu. Watu wa huko wakaleta sufuria ya sampuli inayong'aa, jina la Mama limeandikwa vizuri kuliko tunavyoliandika sisi. Mama akapika maharage ndani yake, tukakaa mezani. Ikalia, na hakuna aliyegeuka.

Mama akazima jiko. "Huyu si mimi," akasema.

Horacio hakusaini. Sasa binti yako Nubia ndiye anayeshika tupa yako. Firimbi nne za kwanza alizikosea. Ya tano ilipolia, Mama aliinuka kufuata sahani yako.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ofelia, wanao Horacio na Nubia, dada yako Rosalba, na wote wa karakana. Hatutakusahau, Baba. Saa ya chakula mlango hatuufungi.