Mama Hakushukuru

Nakusalimu, mwangaluka, mjukuu wangu Kabula,

Huku Somanda hatujambo, babu yako amepona mguu. Umeuliza shirika lenu lizungumzeje na wanakijiji.

Nilipokuwa msichana kule Mwamanyili, shirika moja lilituchimbia kisima. Wageni walipokuja kukikagua, mama yangu aliwaambia kwa Kisukuma, "Maji haya yana chumvi, hata ng'ombe wanayakataa."

Mkalimani wao akasema, "Mama anashukuru sana." Wakapiga makofi!

Nikasimama kwa hasira, nikasema kwa Kiswahili cha shule: "Hakushukuru! Amesema maji yana chumvi."

"Kaa chini, binti," mkalimani akanikemea.

Sikukaa. Nilichota kikombe nikampa mkubwa wao. Alionja, akatema, kisha akamgeukia mama. "Tungechimba wapi?"

Nilipomtafsiria, mama akamwonyesha. Alikuwa akichota maji kijijini pale tangu utotoni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Bibi yako