Nilimsomea Ukurasa Ambao Haukuwepo

Mpendwa Bibi Mshauri, nakuja kwako nikiwa nimeshikwa pabaya. Sisi ni mafundi cherehani sita, tunashona sare za shule, na mimi kila mchana huwasomea wenzangu kwa sauti vile vitabu vyembamba vya mapenzi, vya tajiri mwenye ndege yake na hawara aliyemficha kwenye jumba, wao wakinishonea sehemu yangu, na wiki iliyopita nikafika mwisho nikakuta kurasa zimechanika, maana vyenyewe ni vya mtumba, nao wameshaacha cherehani wananikodolea macho, basi nikaendelea kusoma huku natazama jalada tupu, nikasema hawara aliweka funguo mezani akamwambia tajiri, "Umenipa vyumba saba, na hakuna hata kimoja ninamoweza kumkaribisha mama yangu," akaondoka.

Mwenzetu mmoja tunamwita Bi Vifungo kwa kazi yake, naye amewekwa na mwenye duka la saruji, mume wa mtu, mwaka wa nne huu. Akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia.

Jumatatu akaja kazini na begi. Amemrudishia yule mwanamume funguo, na maneno aliyomwambia ni yaleyale, neno kwa neno. Sasa anakaa kwa dada yake, na dada anamwambia amerukwa na akili, ndiyo maana anataka nimwazime kitabu akamwonyeshe. Nimesema nimekisahau, nimesema kimelowa. Nikimwambia ukweli, si atarudi kule?

Msomaji wa Mchana

Mjukuu wangu, mimi darasani sikukanyaga. Barua yako amenisomea mke wa mwanangu, na alipofika kwenye vyumba saba nilimwambia aweke karatasi chini kwanza. Nimeona wanawake wakitolewa kwenye nyumba za namna ile na mashemeji, na maradhi, na mke mwenyewe akiwa na mwiko mkononi. Mtu kutolewa na sentensi moja, ya mwenzake anayetazama jalada tupu, sijawahi kuona.

Usivimbe kichwa. Umekosea, tena si kwa kutunga. Umekosea kumwacha mwenzio abishane na dada yake akiegemea kitu ambacho hakipo. Eti kimelowa. Huoni aibu, mtu mzima? Dada mtu akigundua kabla yake, atamcheka, na kicheko hicho ndicho kitakachomrudisha kule.

Halafu unamdharau. Matajiri wangapi umewasomea hapo, na ni lini aliomba urudie? Safari hii aliomba kwa sababu alikuwa na maneno hayo kifuani miaka minne, akikosa pa kuanzia.

Basi sikia. Kesho wahini kazini wawili. Mpe kitabu mkononi, aone kilipochanika. Mwambie, "Hapa nilitunga, nisamehe," kisha funga mdomo. Akikasirika, mwache akasirike. Akitaka kurudi, usimshike nguo, miguu ni yake. Lakini sidhani. Na dada mtu akimchoka, mlete kwangu, gazetini watakuelekeza mlango. Masikio yangu mazito, agonge kwa nguvu.